Crianza ya Rioja, Garnacha ya Aragón au Monastrell ya Jumilla: anayeanza anunue ipi?

Ukiwa na pesa ya chupa moja tu na bado unajifunza kunywa mvinyo mwekundu, tafuta wa Hispania kabla ya kugusa wa Ufaransa au Italia. Hakuna nchi duniani inayoishinda Hispania kwa ukubwa wa mashamba ya mizabibu, na sehemu kubwa ya mashamba hayo iko katika wilaya ambazo mnywaji wa nje hajawahi kuzisikia. Wilaya isiyo na jina haiwezi kudai bei kubwa, hata mizabibu yake iwe mikongwe na wakulima wake wawe hodari kiasi gani. Ndiyo maana mvinyo wa bei ya chini kutoka Bordeaux mara nyingi huwa mwepesi na mchachu, ilhali wa Hispania wa bei ileile huujaza mdomo.

Ugumu unaanzia kwenye rafu. Chupa zimeandikwa Kihispania mbele na nyuma, chache zimevishwa wavu wa waya wa rangi ya dhahabu, na muuzaji ukimuuliza atakujibu "hii drai, ile swiiti", basi. (Wavu ule zamani ulikuwa kinga: matapeli wasiweze kuchomoa kizibo na kujaza mvinyo wa bei rahisi ndani ya chupa yenye jina. Siku hizi ni pambo tu, usiulipie.)

Nitalinganisha aina tatu ambazo ndizo zinazopatikana zaidi kwa bei inayovumilika: Crianza ya Rioja, Garnacha ya Aragón na Monastrell ya Jumilla. (Crianza ni jina la muda mvinyo uliolazwa, Garnacha na Monastrell ni aina za zabibu, na Rioja, Aragón na Jumilla ni sehemu zinakotoka.) Nasema juu ya chupa ambazo kule kwao huuzwa chini ya yuro 10. Zikifika Dar es Salaam au Nairobi bei imeshapanda kwa usafiri na ushuru, na hapo pana jambo la kuzingatia. Gharama za meli, chupa, kizibo na karatasi ni zilezile kwa mvinyo wa hovyo na mvinyo mzuri. Kwenye chupa ya chini kabisa ya rafu, pesa iliyokwenda kwenye zabibu zenyewe ni kidogo mno. Ukipanda ngazi moja tu, nyongeza yako karibu yote huingia kwenye kinywaji. Ukipanda ngazi tatu, unaanza kulipia jina.

Msimamo wangu ni huu. Anayetaka kujifunza anunue Crianza. Anayetaka kufurahi usiku huohuo anunue Garnacha. Monastrell ni ya siku yenye nyama. Na anayeshauriwa aanze na Reserva kwa sababu "ndiyo bora zaidi" anapotezewa pesa, kama nitakavyoeleza.

Maneno ya kwenye lebo

Joven, Crianza, Reserva, Gran Reserva: wengi huyasoma kama daraja la nne, la tatu, la pili na la kwanza. Sivyo. Yote yanapima muda. Crianza nyekundu ya Rioja ni lazima ikae miaka 2 kabla ya kuuzwa, na angalau mwaka 1 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mwaloni. Reserva hukaa miaka 3, mwaka 1 au zaidi pipani. Gran Reserva hukaa miaka 5, miwili pipani na miwili ndani ya chupa. Joven ni mvinyo mchanga ambao haukulazwa pipani, au ulipita kidogo tu. Ukikutana na neno "roble", ambalo ni mwaloni, jua mvinyo ulikaa pipani miezi michache isiyotosha kuitwa Crianza. Wilaya nyingine za Hispania zina masharti mepesi kidogo. Kwa kanuni ya jumla ya nchi, miezi 6 ya pipa inatosha kuipa chupa nyekundu jina la Crianza, mradi itimize ile miaka 2.

Kwa chupa za Rioja huhitaji hata kusoma. Geuza nyuma utazame muhuri mdogo wa wilaya: kijani ni mvinyo usiofungwa na masharti ya muda, nyekundu ni Crianza, maruni ni Reserva, buluu ni Gran Reserva.

Sasa, mvinyo dhaifu ukilazwa pipani mwaka mzima hutoka ukiwa mvinyo dhaifu wenye harufu ya mbao. Muda hauongezi kilichokosekana shambani. Ndiyo maana huko Valdepeñas, kusini mwa Madrid, unaweza kupata Gran Reserva kwa bei ya Crianza ya Rioja. Umri upo, lakini mara nyingi matunda yameshachoka. Isitoshe, ladha za mvinyo uliokaa sana (ngozi, tumbaku, majani makavu, uyoga) ni ladha za kuzoea. Ulimi ambao jana ulikuwa kwenye mvinyo mtamu utazipokea kwa mshangao, na mwenye ulimi ataamua kwamba mvinyo mwekundu haumfai. Reserva ikusubiri. Haiharibiki.

Joto la chupa kwanza

Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema ni cha nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Tanga saa kumi na mbili jioni. Kwenye nyuzi 30 kilevi huruka puani kabla ya kitu kingine chochote, matunda yananukia kama jemu iliyoungua, na hata Crianza nzuri inakuwa kero. Ukisoma "weka kwenye friji nusu saa", ujue ushauri huo umeandikwa na mtu wa nchi ya baridi. Kwa chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30, hesabu kama saa nzima. Ukiwa na haraka, itumbukize kwenye ndoo yenye barafu na maji kwa dakika kumi hivi. Barafu peke yake bila maji huchelewa. Garnacha changa ipoe zaidi kidogo, hadi nyuzi 14 au 15. Mtu akikucheka kwamba unaweka mvinyo mwekundu kwenye friji, mwachie glasi yake ya moto.

Joto hilohilo ndilo la kuliangalia dukani. Chupa iliyosimama dirishani juani miezi kadhaa imeshapikwa. Tazama kizibo: kama kimeinuka kidogo juu ya mdomo wa chupa, au pana michirizi iliyokauka shingoni, irudishe uchukue nyingine ya nyuma ya rafu. Na kama ukifungua chupa ikanuka boksi lililolowa maji, hiyo ni kasoro ya kizibo, wala si "ladha ya kikubwa" unayotakiwa kuizoea.

Namna ya kuonja bila kujifanya mtaalamu

Mimina kidogo, theluthi ya glasi. Nusa, zungusha, nusa tena. Piga funda, ulizungushe mdomoni, halafu sikiliza mambo matatu.

La kwanza ni uchachu. Mate yakikutiririka pembeni mwa ulimi baada ya kumeza, mvinyo una uchachu. Bila huo unakuwa mzito wa kuchosha. La pili ni ukakasi, yaani ufizi na mashavu kukauka na kukwaruza, kama umekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika. Inayofanya hivyo ni tanini, nayo imo kwenye chai na kwenye ganda la zabibu vilevile. La tatu ni joto la kilevi kooni.

Utamu sikuuhesabu kwa sababu mvinyo wote mitatu ni drai: sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi. Hapa ndipo wengi hukwama. Pua inasema stroberi na vanila, mdomo unasubiri sukari, sukari haiji, na mtu anahukumu kwamba mvinyo ni "mchungu". Si mchungu. Harufu tamu na sukari ni vitu viwili.

Neno moja kuhusu yale maelezo ya nyuma ya chupa: huna wajibu wa kunusa tunda ambalo hujawahi kula. Kama hujui harufu ya blakiberi, tumia zambarau, fulusadi, rozela, tende, ukwaju. Mtu aliyekua akila zambarau mpaka ulimi ukawa wa buluu ana kumbukumbu sahihi kabisa ya tunda jeusi lenye ukakasi, na daftari lake litamsaidia kuliko maneno ya kunakili.

Crianza ya Rioja

Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kandokando ya mto Ebro, na mji wake mkuu ni Logroño. (Herufi j ya Kihispania itamke kama kh ya Khamis, na ll kama y: Riokha, Khumiya.) Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilishambuliwa na maradhi, kisha na filoksera, mdudu anayeua mzabibu kwa kunyonya mizizi. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta mvinyo, wakaja na utaratibu wao wa kuulaza kwenye mapipa ya lita 225. Reli ilipita mji wa Haro, na mpaka leo kampuni za zamani zimejibana kuzunguka stesheni ile, ikiwamo CVNE iliyoanzishwa 1879, ambayo chupa zake zenye jina Cune zinapatikana nchi nyingi. Filoksera baadaye ilifika Rioja pia, lakini mapipa yalishazoeleka. Wenyeji wakapendelea mwaloni wa Marekani, nao ndio unaoipa Rioja ya jadi ile harufu ya vanila na nazi. Mwaka 1925 jina la Rioja lilianza kulindwa rasmi, na 1991 ikawa wilaya ya kwanza Hispania kupewa daraja la juu la DOCa.

Zabibu kuu ni Tempranillo. Ni zabibu ya katikati: rangi ya kutosha, uchachu wa wastani, ukakasi wa wastani, kilevi cha asilimia 13 hadi 14. Harufu yake yenyewe haipigi kelele, ndiyo maana hupokea mbao vizuri. Ninapoonja Crianza ya kawaida ya Rioja napata kwanza cheri na plamu, kisha kitu chepesi cha rozela kwenye uchachu wake, halafu vanila na kivuli cha nazi nyuma kabisa. Ufizi unakauka kidogo tu. Baada ya kumeza, mdomo uko safi na uko tayari kwa tonge.

Thamani yake kwa anayejifunza iko kwenye huo ukatikati. Kila kitu kipo, hakuna kinachofunika kingine, kwa hiyo unaweza kukigusa kimoja kimoja. Na una jaribio rahisi mkononi: nunua joven na Crianza za kampuni moja ya Rioja, uzimimine pembeni kwa pembeni. Zabibu ni zilezile kwa kiasi kikubwa. Tofauti unayoisikia, vanila, ulaini, rangi iliyotulia, karibu yote imetoka kwenye pipa na muda. Baada ya jioni hiyo moja hutamuuliza mtu tena mbao zinanukiaje. Sijui somo lingine la mvinyo lenye faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Faida ya pili ni kuaminika. Rioja huzalisha kwa wingi, kampuni kubwa huchanganya mvinyo wa mashamba mengi, na matokeo ni kwamba Crianza ya mwaka huu inafanana sana na ya mwaka jana. Mtu anayenunua bila kuonja anahitaji hilo.

Udhaifu wake? Kufanana huko huko. Crianza za bei ya chini hufuata mwendo mmoja, vanila mbele na tunda nyuma, na ukishakunywa kadhaa unaanza kuona kama unakunywa pipa. Anayetoka kwenye mvinyo mtamu pia atasumbuliwa na uchachu wake kwenye glasi ya kwanza. Na harufu ya vanila kwenye chupa ya bei ya kutupa isikudanganye: tangu 2006 Umoja wa Ulaya unaruhusu vipande vya mwaloni vitumbukizwe ndani ya mvinyo, kwa hiyo mbao zaweza kunukia bila pipa kuonekana.

Garnacha ya Aragón

Shuka na mto Ebro kutoka Rioja utaingia Aragón, kwenye wilaya tatu zinazostahili kukaririwa: Campo de Borja, Calatayud na Cariñena. Mlima Moncayo wenye mita 2,314 unatazama bonde hilo, na upepo mkavu wa baridi uitwao cierzo hupuliza kwa nguvu kiasi cha kukausha ukungu majanini. Mizabibu ya zamani haikufungwa kwenye waya. Imeachwa ikue kama vichaka vifupi vyenye shina nene.

Kwa muda mrefu zabibu hii ilidharauliwa kwao. Vyama vya ushirika viliuza mvinyo wake kwa jumla, ukaenda kuongezea nguvu mvinyo wa wengine uliokuwa mwembamba. Hispania ilipoingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, kulikuwa na mvinyo mwingi kuliko wanywaji, na wakulima wakalipwa fidia wang'oe mizabibu. Mingi iliyong'olewa ilikuwa Garnacha kongwe. Iliyobaki huzaa kidogo, na mzabibu unaozaa kidogo hutoa zabibu zenye ladha iliyokolea. Unaweza kununua mvinyo wa mizabibu kama hiyo kwa bei ya Crianza ya kawaida, wakati mwingine chini ya hapo, kwa sababu tu "Campo de Borja" si "Rioja". Borsao, kampuni yenye asili ya ushirika, ndilo jina la huko linalosafiri sana. Angalizo: maneno "viñas viejas", mizabibu ya zamani, hayana umri uliowekwa na sheria ya nchi nzima, kwa hiyo yasome kama ahadi ya muuzaji.

Ganda la Garnacha ni jembamba na sukari yake ni nyingi. Hivyo rangi si nzito sana, ukakasi ni mdogo, na kilevi ni kikubwa, asilimia 14 hadi 15. Changa, isiyopitia pipa, hunukia stroberi iliyoiva hadi kukaribia kuharibika, fulusadi, na pilipili nyeupe kidogo. Mdomoni ni laini, ya duara, haikwaruzi popote. Nimeimimina kwa watu waliokula kiapo kwamba hawanywi drai, wakaniuliza kama nimeongeza sukari.

Hapo hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu inateremka kama si kitu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14.5 ina karibu mililita 109 za kilevi halisi, yaani zaidi ya bia nne za nusu lita zenye asilimia 5. Ulaini wake haukuambii hivyo. Ikipata moto mezani nayo hulegea haraka kuliko nyingine mbili, kwani uchachu wake ni mdogo. Ibaki kwenye ndoo ya maji ya baridi kati ya glasi na glasi. Ukiiacha wazi hadi kesho yake utaikuta imepoteza lile tunda lake. Crianza iliyorudishiwa kizibo na kuwekwa kwenye friji huvumilia siku mbili tatu.

Monastrell ya Jumilla

Hii haitaki maneno mengi. Inajieleza yenyewe kwenye glasi. Jumilla iko kusini-mashariki, mkoani Murcia na sehemu ya Albacete, nchi kavu yenye mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka. Filoksera, iliyomaliza karibu Ulaya nzima karne ya 19, ilichelewa kufika huku hadi 1989, kwa sababu mdudu huyo hapendi mchanga, na baadhi ya mizabibu bado imesimama kwenye mizizi yake ya asili bila kupandikizwa.

Zabibu ni ndogo, ganda nene, huiva kwa kuchelewa. Mvinyo wake ni mweusi kiasi cha kutoona kidole upande wa pili wa glasi. Zambarau, tende, pilipili manga, majani makavu ya porini. Ukakasi unashika mashavu yote mawili. Kilevi asilimia 14.5, 15 si ajabu. Wafaransa wana zabibu hiihii, wanaiita Mourvèdre, na ile ya Bandol hulipishwa mara kadhaa ya bei ya Jumilla. Kwa uzito unaoupata kwa kila shilingi, hakuna chupa nyekundu ya Hispania inayoifikia.

Lakini peke yake, bila chakula, glasi moja inatosha. Ya pili inakuwa kazi. Zile za bei ya chini kabisa huelekea jemu, na kwenye joto letu jemu hiyo inazidi. Ukiona jina la kampuni lenye kuaminika kama Juan Gil, na mvinyo uliokaa pipani miezi michache tu, hapo ndipo penye uwiano mzuri.

Chakula kinavyopindua matokeo

Tulizifungua zote tatu jioni moja kwa mbuzi choma, na mambo yaligeuka mezani. Kabla nyama haijafika, Garnacha ndiyo iliyokuwa ikigombewa, na Monastrell imeachwa kando. Shemeji yangu, ambaye kinywaji chake ni bia, aliionja Monastrell akasema "hii dawa". Ubavu ulipotua mezani, shemeji huyohuyo akaanza kuifuata bila kuambiwa. Si maajabu: protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini, ukakasi ukapungua, na tunda lililokuwa limejificha likatokeza. Garnacha upande wake ilionekana nyepesi mbele ya mafuta yale. Crianza haikushinda raundi yoyote, wala haikupoteza.

Kule Rioja wana mlo unaofanana sana na huu: mbavu za mwanakondoo zinachomwa juu ya moto wa matawi ya mizabibu yaliyokatwa wakati wa kupogoa, chumvi tu, basi. Ndiyo maana nathubutu kusema Crianza na mbuzi choma wanajuana tangu zamani.

Pilipili ni habari nyingine. Kilevi kikubwa huwasha moto wa pilipili, na tanini huongezea ukavu juu yake. Monastrell ya asilimia 15 na kachumbari yenye pilipili kichaa ni adhabu. Kwa pilau au mishkaki yenye pilipili chukua joven ya Rioja au Garnacha ya kilevi cha chini, iliyopozwa vizuri. Samaki wa kupaka simpi hata mmoja kati ya hawa watatu. Nazi na tanini haviivi chungu kimoja.

Kwa hiyo nani anunue nini

Anayetoka kwenye mvinyo mtamu: Garnacha changa, iliyopozwa, bila kusita. Hata Rioja ikimkataa baadaye, atakuwa ameshajua kwamba drai haimaanishi uchungu.

Anayetaka kuelewa watu wanasema nini wanapozungumzia pipa, ukakasi na muda: Crianza ya Rioja, na akipata wa kuchangia naye pesa, joven ya kampuni hiyohiyo pembeni. Zawadi kwa mtu usiyejua ladha yake, pia Crianza. Ndiyo chupa yenye nafasi ndogo ya kumuudhi mtu yeyote.

Mpenda kahawa chungu na nyama nyekundu: Monastrell, lakini chakula kiwe tayari kabla hujachomoa kizibo.

Na kama dukani hakuna hata moja? Angalia Valdepeñas au La Mancha, changa, ya mavuno ya karibuni. Neno la kutafuta ni "cosecha" likifuatwa na mwaka. Kwa mvinyo wa bei ya chini usio na pipa, mwaka wa karibu ni bora kuliko wa nyuma. Joven ya miaka mitano iliyopita iliyobaki rafuni imebaki kwa sababu.

Ukishajua ulikoegemea, hatua ya pili ni rahisi. Aliyependa Crianza ajaribu Ribera del Duero iliyoandikwa roble: zabibu ni Tempranillo ileile, wao huiita Tinto Fino, ila inakua juu zaidi, kuanzia mita 700 hadi karibu 1,000, ambako usiku ni baridi, na mvinyo hutoka mweusi na wenye misuli kuliko wa Rioja. Aliyependa Garnacha amtafute ndugu yake wa Sardinia, Cannonau, au chupa ya kawaida ya Côtes du Rhône, ambako Garnacha kwa jina la Grenache ndiyo mara nyingi hutawala mchanganyiko. Wa Monastrell aende Yecla, jirani wa Jumilla, au apande kaskazini-magharibi hadi Toro, na aandae nyama nyingi zaidi.